Somo la Bahrain lililonipata uzeeni

NILISTAAFU ualimu nikidhani hakuna tena mtu wa kunifundisha jinsi ya kuendesha shule. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya serikali ya wavulana kwa miaka mingi. Nilipitia migomo ya wanafunzi, ukame, na bodi za wazazi zilizokesha zikibishana juu ya bei ya maharagwe.

Lakini tembea uone, walisema wahenga. Somo langu la mwisho sikulipata Nairobi wala katika semina yoyote. Nililipata katika kisiwa kidogo cha Waarabu ambako bintiyangu anafanya kazi ya hoteli.

Bintiyangu huyo aliniita Bahrain ili nipumzike. Siku ya tatu tayari nilikuwa nimechoka kupumzika. Alipoona nazunguka chumbani kama kuku aliyetiwa tengani, akaniambia, "Baba, twende Muharraq nikakuonyeshe shule ya kwanza ya watu wa huku. Huenda ukatulia."

Muharraq ni mji wa kale, na vichochoro vyake vilinikumbusha Lamu papo hapo. Nilipoingia katika nyumba moja kongwe na kuinua macho, niliona dari ya boriti. Mzee aliyekuwa akitutembeza akacheka, akasema boriti za namna hiyo zilitoka kwetu, zikaletwa na majahazi. Kumbe tulikuwa tumekalia kivuli cha mikoko ya pwani yetu wenyewe!

Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu kama mimi. Tulipojuana kazi, yakaisha mambo ya ugeni. Akaniita "ustadhi" nami nikamwita "ustadhi", na bintiyangu akawa mkalimani pale Kiarabu changu cha chuoni kilipokwama. Nilimwomba anieleze shule zao zilivyoanza.

Shule hiyo ya wavulana, Al-Hidaya Al-Khalifia, ilianzishwa Muharraq mwaka 1919. Kabla ya hapo watoto wengi walisoma kwa walimu wa Kurani. Waliosimama kuiunda walikuwa wakuu na matajiri wa mji, na baadaye serikali ikaichukua. Shule ya kwanza ya wasichana ya namna hiyo ilifuata 1928, na mwaka huo huo vijana wachache walipelekwa kusoma Beirut.

Mwanzoni watoto wa Kisunni walikuwa na shule zao na wa Kishia zao. Serikali ilipozishika zote, ikaanza kuwachanganya. Nani asiyejua ugumu wa jambo hilo? Hata kwetu, mwalimu mkuu anayegawa vitanda vya bweni hujua kwamba jina la ukoo linaweza kuzua vita.

Nilipouliza fedha zilitoka wapi, mzee alinyosha mkono kuelekea baharini. Zamani Bahrain iliishi kwa lulu. Wanaume walikwenda kupiga mbizi wakati wa joto, miezi minne baharini, na wengi walirudi na deni badala ya fedha. Karibu na 1930 biashara hiyo ilianguka. Wajapani walikuwa wamegundua njia ya kufuga lulu, na mdororo wa uchumi wa dunia ukawaondoa wanunuzi.

Mungu si Athumani. Mwaka 1932 mafuta yakapatikana, ya kwanza katika upande wa Waarabu wa Ghuba. Mapato yake yaligawanywa mafungu matatu: moja la mtawala, moja la kazi za serikali, moja la akiba. Katika lile fungu la serikali ndimo zilimotoka rupia za kulipia walimu. Naam, rupia, fedha ya Kihindi ile ile ambayo babu zetu waliihesabu hapa Mombasa.

Aliyesimamia mahesabu hayo alikuwa Mwingereza Charles Belgrave, mshauri wa mtawala kuanzia 1926 hadi 1957. Nilishangaa kusikia kwamba kabla ya kwenda huko alikuwa mtumishi wa serikali katika Tanganyika. Bahrain haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa na Sheikh wake, lakini chini ya ulinzi wa Waingereza, na mshauri huyo alikuwa na mkono katika kila kitu, toka polisi hadi ubao wa darasani.

Ndipo vita vikaja. Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipokolea, na bintiyangu akaagiza chai ya pili.

Nchi yenyewe ilikuwa na watu kama 90,000 tu kwa hesabu ya 1941. Ungedhani vita vya Ulaya vingeipita mbali. Lakini penye kiwanda cha kusafishia mafuta, adui hakosi njia. Tarehe 19 Oktoba, 1940 ndege nne za Italia ziliruka kutoka kisiwa cha Rhodes, zikafika Bahrain na kuangusha mabomu, kisha zikaenda kutua Eritrea, iliyokuwa koloni lao. Hasara ilikuwa ndogo, lakini hofu haikuwa ndogo.

Msomaji wa Malindi atakumbuka masimulizi ya wazee wake. Mwezi ule ule, tarehe 24, ndege za Waitalia zilipiga mji wao pia. Watoto wa Bahrain na watoto wa Malindi walitazama angani kwa woga mmoja bila kujuana.

Sasa fikiri wewe ni mwalimu mkuu katika hali hiyo. Mchele, unga na sukari vilikuwa vikiletwa kwa meli, hasa kutoka India, na meli zikaingia vitani. Chakula kikawa cha mgao, kila nyumba na kadi yake. Unamfundishaje kugawanya kwa desimali mtoto ambaye nyumbani wanagawanya kisahani cha wali?

Karatasi nazo ziliadimika. Mji ule ulikuwa na gazeti lake, lililoanzishwa na Abdullah al-Zayed mwaka 1939. Mwaka 1944 likafungwa, na ukosefu wa karatasi ukatajwa kuwa sababu mojawapo. Ikiwa gazeti lilikosa karatasi, daftari za watoto zilitoka wapi? Mzee aliniambia babake alikuwa mwanafunzi enzi hizo, na hadi kufa kwake hakutupa karatasi yenye upande mweupe.

Walimu pia walikuwa taabu. Wengi walitoka Syria, Lebanon na Misri, kwa sababu wenyeji waliosoma walikuwa bado wachache. Waingereza waliwahitaji walimu hao na kuwaogopa kwa wakati mmoja, maana pamoja na sarufi walileta habari za uhuru wa Waarabu. Mwaka 1938 watu wa Bahrain, Wasunni na Washia pamoja, walikuwa wamekwisha kudai mageuzi, na elimu bora ilikuwa katika madai hayo. Serikali ilizima harakati ile, ila madai hayakufa.

Shule ya upili ya wavulana ilianza mjini Manama karibu na 1940, vita ndipo vinawaka. Kati ya Muharraq na Manama kuna bahari, na hapo zamani mtu alivuka kwa mashua. Barabara ya kuunganisha visiwa hivyo viwili ilikamilika vita vikiendelea.

Lakini adui mkubwa wa shule, alisema mzee, hakuwa bomu wala njaa. Alikuwa mshahara. Kijana aliyejua Kiingereza kidogo na hesabu kidogo alitafutwa kama lulu. Kampuni ya mafuta ilimtaka, ofisi zilimtaka, kambi za wanajeshi zilimtaka. Na baba aliyeachwa mikono mitupu na biashara ya lulu hakuwa na nguvu ya kumzuia mwanawe asilete chakula nyumbani. Madarasa ya chini yalijaa, ya juu yakapukutika.

"Basi mwalimu mkuu alifanyaje?" nikamwuliza.

Mzee akanieleza alichosimuliwa na babake. Yeye naye aliacha shule akaenda kubeba mizigo kambini. Jioni moja mwalimu wake, mgeni wa kutoka Syria, alifika nyumbani kwao kwa miguu. Hakuja kugomba. Alikunywa kahawa, akauliza hali ya mama, akamwambia baba wa kijana, "Kiti chake bado kipo. Sijampa mtu." Halafu akaenda zake. Alikuja hivyo mara tatu. Mara ya nne kijana alikuwa amekwisha kurudi darasani, na hatimaye akawa mwalimu, na mwanawe akawa mwalimu, ndiye huyu aliyeketi mbele yangu.

Bintiyangu alitafsiri maneno hayo huku akitabasamu. Mimi sikutabasamu. Chai iliniganda mkononi.

Niliganda kwa sababu nilimkumbuka kijana mmoja wa mwaka 1992. Kiangazi kilikuwa kimeikausha nchi. Wazazi walikuwa wamekwisha kutwikwa sehemu kubwa ya gharama za shule, na kila gwaride la Jumatatu mimi nilisoma orodha ya wenye deni la karo. Kijana huyo alikuwa kidato cha nne, wa pili katika darasa lake, mwembamba, mkimya, mwenye sweta iliyotoboka viwiko. Babake alikuwa mchungaji, na ng'ombe walikuwa wamekufa.

Nilimwita ofisini nikamwambia, "Nenda nyumbani, usirudi bila karo." Hayo tu. Nilikuwa na deni la mwuza mahindi, karani ananing'ang'ania, na mkaguzi yuko njiani. Kijana alisema, "Ndiyo mwalimu," akafunga mlango polepole. Hakurudi tena. Nami sikuuliza. Muhula uliofuata kitanda chake nilimpa mwingine.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba sikuwa na njia. Serikali ndiyo iliyopanga, mvua ndiyo iliyokosekana. Lakini yule Msyria alikuwa ugenini, katika nchi yenye mgao wa chakula, na bado alipata njia ya miguu. Sikumsikia mzee akisema kwamba alitoa fedha. Alitoa jioni tatu.

Niliporudi nyumbani nilianza kuulizia. Wanafunzi wa zamani hawapotei wote. Mmoja ana namba ya simu ya mwingine. Baada ya wiki mbili nikaambiwa kijana wangu yuko katika mji mdogo kando ya barabara kuu, anauza vipuri vya pikipiki. Nikapanda basi.

Nilimkuta ni mtu mzima mwenye mvi. Aliponiona alifuta mikono kwa tambara akasimama wima kama yuko gwarideni. "Shikamoo, mwalimu." Akanivutia kiti, akaagiza soda. Hakuwa na uso wa chuki, na hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Nilimwambia nilichokujia. Nilimwambia nilikosa, si kwa kutaka karo, bali kwa kutouliza alikokwenda. Alikaa kimya akizungusha chupa ya soda mezani.

Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilisubiri barua. Nilidhani ukiona sirudi utaniandikia. Kila Ijumaa nilikwenda posta na babangu. Tulikwenda mpaka mtihani ukapita."

Posta! Stempu ya shilingi chache! Ofisini kwangu mlikuwa na karani, mashine ya kupigia chapa na karatasi tele. Wenzangu wa Bahrain walikosa karatasi lakini walipeleka miguu. Mimi nilikuwa na karatasi na sikuipeleka.

Sikupata la kusema. Yeye ndiye aliyeniokoa. Aliniambia mwanawe wa kwanza amemaliza kidato cha nne kwa sababu yeye alikwenda shuleni kila alipopungukiwa karo, akaketi mbele ya mwalimu mkuu hadi wakaelewana. "Nilijua msiposhikwa mkono, nyinyi walimu wakuu huwa mnasahau," akasema, akacheka kidogo. Nami nikacheka, ingawa macho yalikuwa yakinichoma.

Mzee wa Muharraq aliniambia pia kwamba vita vilipokwisha, mwaka 1945, usimamizi wa elimu ulishikwa na mwenyeji, Ahmed al-Umran, mmoja wa wale vijana waliopelekwa Beirut mwaka 1928. Ndivyo mbegu inavyofanya. Kijana unayemwekea kiti leo ndiye atakayeshika funguo kesho. Na yule uliyempa mwingine kitanda chake, hutajua kamwe angalikuwa nani.

Wenzangu mnaoendesha shule sasa, najua bajeti haitoshi. Haikutosha zamani, na huenda isitoshe kesho. Siwaambii mfute madeni yote, maana mwuza mahindi naye ana watoto. Nawaomba jambo moja tu. Kiti kikikaa kitupu wiki nzima, msimpe mtu kabla hamjauliza. Siku hizi hata posta haihitajiki, simu i mfukoni.

Nanyi wazazi, msisubiri barua. Nendeni shuleni mkaketi mbele ya meza ile mpaka mtu ainue macho kutoka kwa mahesabu yake.

Mimi nilichelewa kuyainua yangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipoagana na mwanafunzi wangu alinipeleka hadi kituo cha basi, akanilipia nauli, akakataa katakata nisirudishe. "Hiyo ni karo niliyokuwa nikidaiwa, mwalimu," akasema. Basi likaondoka nikiwa bado nashika zile noti, sijui niziweke wapi.