Shamba likifunikwa na mawe, jina la nani linaandikwa?

Tangu mawe na matope yafunike mashamba ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, mwezi wa tano 2023, ulizo moja linarudi katika vikundi vyetu: kusafisha shamba namna hiyo ni kazi ya nani? Chakula cha msaada kinakuja, turubai zinakuja. Shamba linabaki na mawe yake.

Nilitafuta namna wengine wanafanya. Marekani wana mpango wa dharura wa kuhifadhi udongo, uliowekwa na sheria ya mwaka 1978. Mafuriko au kimbunga kikiharibu shamba, serikali inasaidia kuondoa takataka zilizoletwa na maji, kusawazisha udongo na kusimamisha tena nyua; wakati wa ukame inasaidia kupata maji ya mifugo. Maombi yanapelekwa kwenye ofisi ya kaunti (kwetu tungesema teritware), na kamati ya pale inachaguliwa na wakulima wenyewe. Hilo lilinipendeza. Jirani anajua kama kweli mto ulipita kwako.

Lakini tusome mpaka mwisho. Serikali inalipa hadi asilimia 75 ya gharama, na hadi 90 kwa wenye uwezo mdogo na wanaoanza kulima. Tena, kwa kawaida inalipa kazi ikiisha kufanyika. Siku hizi robo inaweza kutangulia. Zingine utafute wewe, kisha urudishiwe. Asiye na akiba atazitoa wapi? Sisi wa AVEC tunaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Kuna jambo lingine, nalo ndilo linanihangaisha zaidi. Kule, ili uombe msaada, shamba lako linapashwa kuwa na namba katika ofisi, na namba inadai uonyeshe kwamba ardhi iko mikononi mwako. Sasa, katika majimbo ya kusini, familia nyingi za watu weusi wanalima ardhi ya babu aliyekufa bila kuacha wosia. Watoto na wajukuu wote ni wenyewe, lakini hakuna aliye na karatasi. Wengi walikosa misaada hivyo, huku wanalima kila mwaka. Ni sheria ya 2018 iliyokubali ushuhuda mwingine: mapatano ya warithi, kwa mfano, au hati zinazoonyesha nani kweli anaendesha shamba.

Sasa tujitazame. Mama analima kilima miaka 15. Karatasi, kama iko, ina jina la bwana, au la shemeji, au la mwenye shamba anayelipwa kodi kila msimu. Madaftari ya wanafunzi wangu wengi yanatoka kwenye maharagi ya mama zao, na hakuna orodha hata moja inayomwita mama huyo mkulima. Msaada wa mashamba ukifika kesho, ataitwa nani?

Napendekeza kila kikundi kifungue daftari: nani analima wapi, tangu mwaka gani, anakodi au amerithi, mipaka yake ni ipi, na majirani wawili watie sahihi. Chefu wa kijiji aone, apige muhuri. Daftari si hati ya ardhi, najua, na mabwana wengine watanuna. Tuanze mbele ya mvua ya mwezi wa tisa, maana maji yakishapita, hata mpaka wa shamba hauonekani tena.