Bomba na Simtanki

Jumamosi, 17 Februari 2024. Kigamboni

Mdogo wangu amelipa deni. Hakuleta pesa, ameleta gari: Nissan Leaf ya mwaka 2013, rangi ya maziwa, ambayo mteja aliyeiagiza aliingia mitini ilipofika bandarini. "Dada, hili halili mafuta," akasema, kama mshenga anayesifia mchumba asiye na makuu. Nimekaa kwenye usukani. Kioo chote ni Kijapani, na ukigusa mahali fulani mwanamke anakusalimu kwa adabu nyingi, usijue anakukaribisha au anakuonya. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijistari vidogo. Nimeambiwa gari jipya huwa navyo 12. Hili lina 9. Nilipomuuliza vitatu vimekwenda wapi, akasema hivyo ni urembo tu.

Mama amelizunguka mara mbili, kisha akauliza linachomekwa wapi. Hakuna aliyemjibu.

Jumanne, 20 Februari

Linachomekwa sebuleni. Tumepitisha waya dirishani kwa ekstensheni ileile ya pasi. Saa tatu usiku nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Plagi ilikuwa imelainika kama mshumaa. Kebo iliyokuja na gari ni ya Japani, ampea 15, maana yake kilowati 3 hivi bila kupumzika. Pasi nayo ni mlaji, ila inakaa robo saa ikazimwa. Gari linakula mpaka usiku wa manane.

Nimechomoa. Saa nne zamu yetu ya mgao ikafika, kwa hiyo hata ningeliacha lisingeshiba. Asubuhi nimepanda daladala, gari likiwa uani.

Jumapili, 25 Februari

Nimekaa na daftari, kama ninavyokaa na hesabu za mizigo ya wateja ofisini.

Usiku, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, nyumba inakula hivi: friji uniti 0.6, feni tatu 1.3, taa 0.4, televisheni na intaneti 0.5. Jumla uniti 2.8. Nimerudia mara mbili kwa sababu nilidhani ni zaidi. Pampu ya maji nimeiweka mchana.

Gari: nyumbani hadi Kurasini, kwa Daraja la Nyerere, ni kilomita 14. Kwenda na kurudi 28. Kwa mwendo wangu linakwenda kama kilomita 6 kwa uniti, na kuna umeme unaopotea njiani wakati wa kuchaji. Weka uniti 5.3 kutoka ukutani kila siku ya kazi.

Kwa hiyo gari la mtu mmoja linakula karibu mara mbili ya watu wanne na friji yao usiku kucha. Hapo niliweka kalamu chini.

Kwa fedha, gari linashinda. LUKU ya shilingi 10,000 inatoa uniti 28, ukiacha mara wanapokata kodi ya jengo. Uniti 5.3 ni kama shilingi 1,900. Toyota IST yangu ya zamani ilikuwa inameza lita mbili kwa safari hiyohiyo, na lita moja siku hizi ni zaidi ya shilingi 3,000. Tatizo si bei ya umeme. Tatizo ni saa za umeme.

Mdogo wangu anasema ninahangaika bure: mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere imewashwa mwezi huu, megawati 235, na zitakuwa tisa, megawati 2,115. "Dada, mgao unakwisha, betri za nini?" Huenda mgao ukaisha kweli. Lakini bwawa haliji kwangu, kinachokuja ni waya. Nguzo ya mtaa ikilala, maji yote ya Rufiji hayatawasha feni ya Mama.

Jumamosi, 2 Machi

Kariakoo, kuulizia betri ya nyumba. Muuzaji kijana, shati limenyooka, ananiita "madam". Nilipotaja gari la umeme macho yakamng'aa. Anasema ninahitaji moduli nne, kila moja uniti 5.12, jumla 20. "Nyumba na gari, madam, unasahau kabisa mambo ya mgao." Bei ya moja ni mshahara wangu wa miezi miwili na siku kadhaa. Mara nne! Nikamuuliza: hizo 20 zinatoka kwa kasi gani? Akasema ni 20. Nikauliza tena kwa maneno mengine. Akasema ni 20, na zina warantii.

Jioni mdogo wangu katuma picha ya mnara mweupe, SigenStor wa Wachina wa Sigenergy. Kitu cha kupendeza kwa kweli: betri zimepangwa chini moja juu ya nyingine, inveta juu, na katikati unaweza kupachika chaja ya gari inayopeleka umeme wa betri moja kwa moja bila kuugeuza. Nikaenda nje na tochi nikafungua mdomo wa gari. Chaja ya ule mnara ni ya plagi ya CCS2. Leaf ina tundu la CHAdeMO, la Kijapani. Haviingiliani. Nimemtumia picha ya tundu bila maneno, naye hajajibu mpaka sasa.

Alhamisi, 14 Machi. Ramadhani

Fundi amekuja baada ya futari. Kijana wa Mbagala, mpole, kamwamkia Mama na kula kalimati sita kabla hajafungua mdomo kuhusu umeme. Kisha akatoka nje, akaangalia mita, akaangalia simtanki letu la lita 2,000, akarudi.

"Dada, lile simtanki lina bomba la ukubwa gani?"

"Nusu inchi."

"Ukiongeza simtanki liwe la lita elfu tano, bomba la bafuni litatoa maji kwa kasi zaidi?"

Halitatoa. Basi akanieleza kile ambacho yule wa Kariakoo alikipita mara mbili. Uniti ni lita. Kilowati ni upana wa bomba. Kuna moduli za uniti 5.12 zinazoruhusu ampea 50 tu, volti 51.2 mara ampea 50 ni kilowati 2.5. Ukichomeka gari la kilowati 3 kwenye betri moja ya namna hiyo, ule ubongo uliomo ndani ya betri unaizima kujilinda, na nyumba nzima inaingia gizani ilhali betri imejaa. Nyingine, ya lita zilezile na sanduku karibu lilelile, inaruhusu ampea 100, kilowati 5. Ukilinganisha bei, linganisha na bomba.

Nikamuuliza kuhusu zile moduli nne za kulisha gari. Akacheka. Umeme ukitoka kwenye paneli za jua ukaingia betri ya nyumba, ukatoka, ukageuzwa, ukaingia kwenye gari ukageuzwa tena, kila mlango unakata ushuru wake. (Hapo nilimwelewa vizuri, mimi ni mtu wa forodha.) Gari ni betri tayari, tena kubwa kuliko utakayonunua. Usinunue betri ya kujazia betri. Gari linywe kwenye waya wa mtaa usiku watu wakilala, au kwenye jua lenyewe saa sita mchana likiwa nyumbani. Betri ya ndani iwe ya friji, feni, taa na pampu.

Akanifumbua macho pia kuhusu vile vijistari. Cha kwanza hupotea betri ikishapoteza asilimia 15, vingine hupotea kila asilimia 6 na kitu. Vikibaki tisa, ni kama asilimia 70 ya zile uniti 24 za kiwandani. Nina uniti 16 hivi. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, na joto ndilo linaloila. Kwa hiyo nisichaji nikitoka tu barabarani. Niliache lipoe hadi usiku. Urembo, eti.

Kuhusu kuongeza baadaye, fundi anaziita moduli "matofali". Kuna matofali yanayopangwa kwa mfululizo, volti zinapanda, ndiyo minara mirefu. Moja likiugua, mnara wote unalala. Na kuna ya volti 48 yanayoungwa sambamba, moja likiugua unalitoa na mengine yanaendelea. Anapendelea ya pili kwa nyumba kama yetu. Lakini akaonya: tofali la pili liwe la aina ileile, na siku ya kuliunga yote mawili yawe yamejaa sawasawa, la sivyo lililojaa linamwaga umeme kwa lenye njaa kwa kishindo. Na nisisubiri sana. Wachina wanabadilisha toleo kila baada ya muda mfupi, la zamani halipatikani tena, na jipya halielewani na mwenzake.

Ameondoka saa nne. Hakutaka pesa ya ushauri. Nimemfungia sambusa.

Jumatatu, 1 Aprili

Umeme umekatika saa nane na kitu usiku. Redioni wanasema ni gridi nzima. Daku tumekula kwa tochi ya simu. Mama hakusema neno, lakini kila nikipita aliniangalia kama mtu aliyeahidi kitu.

Jumamosi, 13 Aprili

Sikukuu imepita na kazi imefanyika. Inveta ya kilowati 5, tofali moja la uniti 5.12 lenye bomba la ampea 100, paneli sita juu ya bati. Betri iko ukumbini, si stoo ya juu ambako ni tanuri, wala si barazani ambako chumvi ya bahari inakula hata bawaba za milango. Ethi imepigwa upya. Ile ya zamani fundi aliivuta kwa mkono ikatoka. Tulikuwa tunaishi hivyo kwa miaka kumi na moja!

Gari lina waya wake mnene kutoka kwenye meni swichi, breka yake, na kebo mpya ambayo unachagua ampea 8, 10, 13 au 16. Liko upande wa mtaa, si upande wa dharura. Umeme wa mtaa ukikatika, gari linakatika nao, nyumba inabaki. Hilo ndilo nililolipia.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeamka nikakuta betri ya nyumba ina asilimia 20. Gari limejaa.

Nimempigia fundi kabla ya chai. Kumbe kwenye waya wa mita kuna kitanzi kinachopima umeme unaoingia kutoka mtaani, na inveta imeagizwa kujazia chochote kinachovutwa huko ili nisinunue uniti. Mchana hiyo ni neema: jua linalisha gari hata kama gari liko upande wa mtaa. Usiku, inveta ikaona gari linavuta, ikatoa akiba ya Mama kwa moyo safi. Nyaya tumezitenga, maagizo hatukuyatenga. Fundi amekuja mchana akaiambia kwamba kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri betri isishuke chini ya asilimia 80 maadamu umeme wa mtaa upo. Dakika tatu za kubonyeza. Nikimshauri mtu yeyote kuhusu mambo haya nitaanzia hapo, kabla ya kumtajia aina ya betri.

Jumamosi, 27 Aprili

Masika kweli. Paneli zinatoa robo ya kilichoandikwa, kisha wingu linapasuka na kwa dakika ishirini unadhani ni Januari. Nimeweka gari kwenye ampea 8, linakunywa taratibu kilowati 1.8, jua likizidi linatosha, likipungua mtaa unajazia. Mdogo wangu amekuja kula na kushangaa. Amesema Japani tangu 2012 Leaf inaweza kurudisha umeme ndani ya nyumba kupitia lile tundu la CHAdeMO, kwa sanduku maalumu. Ni kweli, nimesoma. Nikamwambia akinitafutia sanduku hilo hapa Dar, na la bei ya kibinadamu, nitamfutia deni lililobaki. Amenyamaza, maana alidhani nimelisahau.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa inasema kiko Mafia. Umeme wa mtaa haupo tangu alfajiri. Mvua inapiga bati mpaka hatusikilizani.

Saa 4 asubuhi betri asilimia 71. Paneli zinatoa wati 140, taa na feni moja. Saa 8 mchana 58. Nimezima televisheni, Mama kakubali bila ugomvi. Saa 11 jioni 44. Nimekataza pampu, simtanki limejaa, linatutosha. Friji inaendelea. Kwa hesabu yangu tutafika asubuhi na asilimia 10 hivi, tukizima feni za watoto.

Gari lilikuwa uani chini ya mwembe. Lilichajiwa usiku wa jana, lina uniti zake 16, mara tatu ya tofali la ukumbini, na haliwezi kutupa hata moja. Nimelihamisha lisiangukiwe na tawi. Mwanamke wa Kijapani akanisalimu.

Jumatatu: kumuuliza fundi bei ya tofali la pili, toleo hilihili.