Uzito uko wapi?

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuongelee kanzidata. Msikimbie! Jambo hili linatuhusu wote tunaoandika takwimu na tunaozisoma.

Kuna programu huria inaitwa OpenMRS, ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kutengenezwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret, Kenya. Leo iko katika nchi nyingi. Lipo pia toleo la majaribio lenye wagonjwa wa kubuni, kwa hiyo unaweza kuchungulia ndani bila kugusa siri ya mtu.

Rafiki yangu mwandishi wa programu alinifungulia toleo hilo, akanipa swali moja: "Haya kaka, nitafutie uzito wa mgonjwa umehifadhiwa wapi."

Rahisi, si ndiyo? OpenMRS hutumia MySQL, na MySQL ina sehemu inayoitwa information_schema, yenye orodha ya majedwali yote na safu zake. Unaiuliza: safu zipi zina neno weight, yaani uzito? Majibu yanakuja. Ipo sort_weight, ambayo kazi yake ni kupanga orodha, kipi kitangulie na kipi kifuate. Ipo nyingine kwenye jedwali la aina za uhusiano, kama mzazi na mtoto. Kilo za mgonjwa? Hakuna!

Lakini zipo. Ziko kwenye jedwali liitwalo obs, ambamo kila kipimo ni mstari mmoja: mgonjwa nani, lini, dhana namba ngapi, jibu nini. Uzito, urefu na joto la mwili vyote vinakaa kwenye safu ileile, value_numeric. Kinachovitofautisha ni namba ya dhana tu. Katika kamusi ya CIEL, inayotumiwa sana na watu wa OpenMRS, uzito kwa kilo ni 5089 na urefu kwa sentimita ni 5090. Kwa hiyo unaanzia kwenye kamusi ya dhana, unapata namba, ndipo unarudi kwenye obs.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu hospitali ikitaka kuuliza swali jipya, inaongeza dhana kwenye kamusi. Hakuna haja ya kuvunja jedwali wala kumsubiri mtaalamu aongeze safu. Ni akili nzuri, ila gharama yake anailipa yule anayekuja baadaye kutafuta.

Na hapo ndipo pa kuangalia. Kamusi ikiwa na dhana mbili za kitu kilekile, ukichukua moja umewaacha wagonjwa wa dhana ya pili. Tena, muuguzi akisahihisha kilo 74 kuwa 47, ule mstari wa kwanza haufutwi. Unatiwa alama ya kubatilishwa, voided, na mpya unaandikwa. Ukisahau kuuondoa, umehesabu sahihi na kosa kwa pamoja, na kompyuta haitakuambia lolote. Itakupa jibu, tena kwa haraka!

Haya si mambo ya kuchezea. Dozi za dawa nyingi za watoto hupangwa kwa kilo. Na takwimu zinazotoka kwenye kanzidata kama hizi ndizo zinazoweza kuamua dawa zipelekwe wapi na kiasi gani.

Sisi waandishi tumezoea kuuliza "takwimu hizi zimetoka wapi?", tukijibiwa "kwenye mfumo" tunaandika na kuondoka. Mimi sasa naongeza maswali mawili: mlihesabu dhana zipi, na zilizobatilishwa mliziondoa? Mtu aliyeifanya kazi hiyo vizuri hujibu bila kusita. Anayekukasirikia kwa kuuliza, basi hapo huenda kuna habari.

Kazi njema.