Mchoraji aliyejiita mwanahistoria

Mjini Lubumbashi, miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora ili jamaa yake ile. Alichora juu ya magunia ya unga. Wanunuzi walipenda picha za kupamba sebule, kama mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Naye alichora za kuuza, kwani njaa haingoji.

Lakini yeye alijihesabu mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alichora picha zipatazo 100 za historia ya inchi: mababu, ukoloni, kifo cha Lumumba. Alizieleza kwa Kiswahili mbele ya mtafiti Johannes Fabian, aliyemrekodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoweka. Picha zimebaki, na sauti yake pia.

Jamaa waliokimbia vita waliacha mashamba na vyombo, ila waliyoyaona wametembea nayo. Mwenye kuchora achore, mwenye kuimba aimbe. Kazi ya kuuza si aibu. Lakini ile ambayo hakuna aliyeiagiza ndiyo itawaambia wajukuu walikotoka.