Kila Mlango na Ufunguo Wake

Waswahili husema, kila mlango na ufunguo wake. Nimekulia Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kila siku hupita mbele ya milango ya njumu. Hata hivyo, maana ya methali hii niliipata mbele ya kompyuta kuukuu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Likizo ya Disemba, mjomba wangu, fundi wa kompyuta, alipewa kazi na ofisi moja. Kumbukumbu zao za miaka mingi zilikuwa ndani ya mashine yenye Solaris 8, mfumo wa ukoo wa Unix uliotoka mwaka 2000. Ili kuzitoa, ilibidi tuunde programu huria kwenye mashine hiyohiyo, kutokana na msimbo wake. Malipo ya kazi hiyo ndiyo yangelipia tuisheni yangu ya kidato cha nne.

Nilijitolea kuandika skripti, yaani orodha ya amri za kuiunda programu hatua kwa hatua. Amri hizo husomwa na sheli, programu inayopokea maneno ya mtumiaji na kuiambia kompyuta la kufanya. Kwenye kompyuta yangu ya Linux, skripti ilikwenda bila kukwama. Nikajigamba. Tulipoihamishia kwenye mashine ile, ilikwama mstari wa tatu. Nilirudia mara tano, wapi!

"Mjomba, hii mbovu," nilisema. "Hata amri nyepesi haiijui."

Mjomba hakunikaripia. Aliniuliza, "Ukienda Makunduchi, bibi yako akazungumza Kikae usimwelewe, mjinga nani?"

Nikanyamaza.

Akanifahamisha kuwa sheli ya mashine ile ni ya ukoo wa ile aliyoiandika Stephen Bourne, iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979. Yangu ilikuwa Bash, ya mwaka 1989, yenye misemo mingi ya ziada. Zote mbili ziliitikia jina moja, sh, kama Kikae na Kiunguja vyote ni Kiswahili. Kiunguja kilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi mwaka 1930. Sheli nazo zilipata usanifu wake, POSIX, mwaka 1992. Lakini Solaris iliendelea kuihifadhi sheli ya kale, ili skripti za kale zisikwame.

Tulikaa hadi usiku. Nilikuwa nimeandika $(date). Tukaibadilisha kuwa `date`. Nilikuwa nimeandika export JINA=thamani kwa pamoja; tukaigawa: kwanza JINA=thamani, kisha export JINA. Kumbe misemo hiyo ya kale hata Bash huielewa! Skripti ikaenda kwenye mashine zote mbili. Kumbukumbu zilitoka, mjomba akalipwa, nami nikaanza tuisheni Januari.

Tangu siku ile, sikimbilii kumwita mtu mjinga kwa kuwa hakunielewa. Hujiuliza kwanza nimesema kwa lugha ya nani. Hata ndani ya chumba cha mtihani nakumbuka kuwa msahihishaji hayupo mbele yangu nimfafanulie. Ana karatasi yangu tu, kama mashine ile ilivyokuwa na skripti yangu tu. Ufunguo ukikataa kufungua, usiuvunje mlango. Utazame kwanza ufunguo ulioushika.