Mkono Unaotoa

Mbwa wetu wa kwanza hapa Heru Juu tulimfunga kamba mchana kutwa na kumpunja chakula. Mimi na mume wangu tulidhani njaa na fimbo ndizo zitakazomfanya mlinzi mzuri. Siku moja mtoto wetu alimnyang'anya mfupa, akaumwa mkononi. Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, tukamkimbiza hospitali kuchomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini kosa lilikuwa letu.

Tulipopata mbwa mwingine, mdogo wa miezi miwili, tulianza upya. Kabla ya mlo wake, angali na hamu, tulimwita jina. Akija, alipewa dagaa mmoja au kitonge cha ugali. Tulifunga fundo la kanga kuukuu, tukacheza naye kuvutana. Tukisema "Acha" naye akaachia, alipata dagaa, kisha tukamrudishia fundo lake. Hivyo alijifunza kwamba kuachia si kupoteza. Alipotimiza miezi mitatu tulimchanja, na kila mwaka tunarudia.

Juma lililopita alidaka kiatu cha shule. Mtoto yule yule mwenye kovu akasema, "Acha." Mbwa akakiachia. Mtoto akacheka, akampapasa kichwa.

Tangu siku hiyo tunajiuliza: je, watoto wetu nao huja tukiwaita kwa sababu wanatupenda, au wanaogopa fimbo?