Chapati Inasukumwa

Shangazi yangu hupikia wageni nyumbani kwake Kisesa, karibu na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Huja watu sita, wanane, wakitoka kutazama ngoma. Wanakaa mkekani, wananawa, wanakula ugali wa muhogo, sato wa kuchemsha na mlenda, kisha chai ya tangawizi na chapati. Ada ya binamu zangu wawili inatoka kwenye mkeka huo.

Mwaka jana kampuni inayomletea wageni ilimtaka aondoe chapati na chai. Si vya asili, walisema. Wageni wamelipia chakula cha Kisukuma. Aweke michembe.

Nasoma shahada ya uzamili ya utalii, na neno "asili" nakutana nalo kila ukurasa. Basi tuanze na hiyo michembe. Ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, na viazi vitamu asili yake ni Amerika, sawa na muhogo, mahindi na nyanya. Sato aliingizwa ziwani miaka ya 1950, kama sangara. Mwenyeji ni ngege, ambaye siku hizi kumpata ni bahati. Tukiondoa kila kilichohamia, mgeni atabaki na mtama, uwele, mlenda na dagaa. (Mlo mzuri, kwa kweli, ila hakuna aliyemwomba shangazi huo.) Hata makumbusho yenyewe yalianzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement.

Chapati ina njia yake. Wahindi walishika biashara ya pamba Usukuma, wakajenga vinu na maduka, na wengi wakaishi Mwanza mjini. Bibi yangu alipika kwa familia mojawapo miaka ya 1960. Sitaki kulipamba jambo hili: alikula jikoni, amesimama, baada ya wote kushiba. Lakini alirudi Kisesa anajua kukanda unga kwa maji ya moto, kuupaka mafuta na kuuviringa upate matabaka. Mafuta akayabadilisha, akatumia samli ya ng'ombe wa babu. Akauza chapati gulioni, akasomesha watoto. Anayeifuta chapati kwenye mkeka ule anafuta kazi ya bibi, siyo ya Mhindi.

Shangazi hakubishana na kampuni. Alicheka tu.

"Chapati inasukumwa," aliniambia, "halafu mtu aje aniambie si ya Kisukuma?"

Michembe ameiweka, imechemshwa na karanga, na wageni huila kwa adabu. Chapati sasa haimo kwenye bei ya kampuni. Anazikaanga pembeni, harufu ya samli inapita mkekani, na anayetaka ananunua. Fedha hiyo haigawanywi na mtu.

Likizo iliyopita dada mmoja aliyetoka Dar es Salaam aliomba afundishwe. Shangazi akamsogezea kibao.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Ila somo nalo lina bei yake."